Mashindano ya raifali ya vitendo: kuyaandaa na kuyaboresha, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Kinachoharibu mashindano ya shabaha mara nyingi si uhaba wa risasi wala sahani mbovu za chuma za kulengea. Ni foleni. Watu ishirini na wanne wamesimama juani wakimtazama mmoja akijilaza, akifyatua, akiinuka, kisha wote wanangoja mtu aende mbele kupaka sahani rangi ili kufunika alama za risasi. Saa nane mchana mawingu yanakusanyika upande wa milima ya Nandi, vituo viwili vya kufyatulia havijaguswa, na msimamizi aliyechoka anaanza kuruka hatua za usalama ili amalize. Ajali huingia hapo. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila uamuzi unapimwa kwa maswali mawili: risasi iliyokosa shabaha itaishia wapi, na mlengaji anayefuata atangoja dakika ngapi?

Kwa wasiolijua jambo hili: kwenye raifali ya vitendo mlengaji hakai amelala chini saa nzima akitoboa karatasi moja. Anapewa kazi na muda. Atahama kutoka kwenye pipa hadi kwenye ngazi, ataegemeza bunduki juu ya gunia, atapiga sahani ndogo kwenye mita 50 na nyingine kwenye mita 100, yote ndani ya sekunde 90 au 120. Hukumu ni sahani kulia au kutolia.

Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya bunduki za .22 (kipenyo cha inchi 0.22) zenye boliti, yaani kipande cha chuma kinachovutwa kwa mkono kupakia kila risasi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu raia kuwa na bunduki za kivita zinazojipakia zenyewe, na tangu uwindaji upigwe marufuku mwaka 1977 raifali kubwa zilizobaki mikononi mwa raia si nyingi. Bunduki ya .22 ina risasi nafuu, haipigi bega, na kwenye mita 100 inasukumwa na upepo vya kutosha kumnyenyekeza yeyote.

Karatasi kabla ya chuma

Anza miezi miwili kabla. Uwanja wenyewe lazima uwe umeidhinishwa kwa kufyatulia. Shamba la rafiki lenye kilima nyuma si uwanja, hata kama kilima ni kizuri namna gani. Andikia Bodi ya Leseni za Silaha ukieleza tarehe, mahali, aina ya bunduki na idadi ya watu, kisha peleka nakala kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha karibu. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Afande akikujua kwa sura, simu ya jirani anayelalamikia milio itapata majibu bila gari la polisi kuja langoni katikati ya kituo cha tatu.

Kila mshiriki aje na cheti chake cha silaha ambacho muda wake haujaisha, na namba ya bunduki ilingane na iliyoandikwa humo. Cheti pia hutaja kiasi cha risasi ambacho mtu anaruhusiwa kuwa nacho, kwa hiyo tangaza mapema idadi ya risasi utakayohitaji. Suala la kuazimana bunduki ndilo huwanasa waandaaji wengi: mgeni anakuja mikono mitupu na rafiki anampa yake. Usikubali jambo hili kwa mazoea. Kama unataka liruhusiwe siku hiyo, uliza Bodi kwa maandishi na uwe na jibu mkononi.

Halafu majirani. Chifu, wazee wa nyumba kumi, na hasa watoto wanaochunga mbuzi. Nyasi nzuri humea nyuma ya tuta la udongo linalozuia risasi kwa sababu hakuna anayepita pale, na mchungaji hilo analijua kuliko wewe. Tangazo lipite kanisani na sokoni wiki mbili kabla, na siku yenyewe weka walinzi wawili wenye bendera nyekundu na redio kwenye njia zote za kuingilia nyuma ya uwanja.

Ardhi: risasi inaishia wapi

Risasi ya .22 ikipigwa kwa pembe ya juu huweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5. Shamba la ngano lililovunwa kule Njoro si kinga, hata likionekana tupu mpaka upeo wa macho. Unahitaji tuta la mita 4.5 hadi 6 kwenda juu, uso wake ukiwa na mwinamo mkali, na sentimita 50 za mbele ziwe udongo usio na mawe. Machimbo ya zamani ya murram yenye ukuta wa asili pande tatu ni mwanzo mzuri, ila lazima ukuta wa mbele ufunikwe udongo laini. Jiwe tupu hurudisha vipande.

Udongo wenyewe una tabia zake. Pande za Menengai na Gilgil ni majivu ya volkano: hunywa risasi vizuri, lakini mvua moja ya Aprili inalila tuta mpaka kimo chake kinapungua bila mtu kugundua. Panda nyasi mgongoni mwa tuta, na pima kimo kwa kamba kila baada ya msimu wa mvua. Kwenye nyanda za Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unanata hadi viatu vinabaki nyuma. Huko mwaga murram kwenye mistari ya kufyatulia, upana wa mita 2 unatosha, la sivyo mtu anayehama na bunduki atateleza. Tena kanuni moja isiyo na mjadala: usifyatue juu ya maji. Risasi ya .22 ikigusa maji au ardhi ngumu kwa pembe ndogo huruka kama kijiwe kinachorushwa ziwani, na haiendi ulikotarajia. Mashamba ya mpunga ya Ahero yana maji sehemu kubwa ya mwaka.

Kosa linalofuata halionekani kwa macho, linahitaji hesabu. Tuseme tuta liko mita 100 na umeweka sahani kwenye mita 50, sentimita 50 kutoka ardhini. Mlengaji amesimama, mtutu uko mita 1.5 juu. Risasi inashuka mita moja ndani ya mita 50. Ikikosa sahani, itagonga ardhi kwenye mita 75, robo ya uwanja kabla ya tuta, kwa pembe ndogo kabisa. Itaruka. Inua sahani hiyo hiyo hadi mita 1.2 na mstari utafika kwenye tuta ukiwa sentimita 90 kutoka chini, na hata ukitoa sentimita 15 hadi 20 za kushuka kwa risasi yenyewe, bado imezikwa tutani. Fanya hesabu hii kwa kila sahani na kila mahali pa kufyatulia, aliyelala na aliyesimama. Njia nyepesi ni uzi: mtu mmoja ashike ncha penye mtutu, mwingine kwenye sahani, wa tatu achuchumae nyuma yake aone unaelekea wapi.

Kama bado unachagua mwelekeo wa uwanja, elekeza kaskazini au kusini. Tuko kwenye ikweta. Jua hutoka upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima, na uwanja unaotazama mashariki humpofusha mlengaji wa kwanza kila asubuhi.

Sahani, na diski ya plau

Kwa .22, chuma kigumu cha aina ya AR500 chenye unene wa milimita 6 hudumu miaka mingi. Kwa raifali kubwa nenda milimita 10, na usiweke karibu ya mita 100. Kwa .22 tusishuke chini ya mita 25. Chuma cha kawaida cha fundi wa jua kali hustahimili .22, lakini raifali kubwa hukichimba vishimo, na kila kishimo ni bakuli dogo la kurudisha vipande kwa aliyefyatua.

Fundi asichomelee chochote kwenye chuma kigumu. Joto la kuchomelea hulainisha sehemu ile, nayo hutoboka kwanza. Toboa matundu mawili juu, funga kwa boliti, na uning'inize sahani kwa vipande vya mpira badala ya mnyororo. Mkata akala wa sokoni atakukatia vipande vya sentimita 5 kwa 25 kutoka tairi lisilo na nyaya. Vikipigwa unabadilisha kwa dakika mbili. Sahani iiname mbele kidogo, nyuzi 10 hadi 20, ili vipande vya risasi vishuke ardhini. Nguzo ziwe za nondo ya milimita 12 au mti wa mkaratusi, zikiwa nyuma ya sahani na si mbele.

Sasa diski ya plau. Kila shamba la ngano kutoka Mau Narok hadi Moiben lina diski chakavu nyuma ya ghala, na kila mwandaaji mpya hufikiri amegundua sahani za bure. Ni chuma kigumu kweli, na zinalia kama kengele. Lakini zimebonyea. Uso uliobonyea hukusanya vipande na kuvirudisha kuelekea kwa mlengaji, na ukiigeuza hurusha vipande pande zote bila mpango. Iache ghalani.

Risasi zote zipimwe kwa sumaku asubuhi. Inayonata ina chuma ndani ya kichwa chake au kwenye ganda la kichwa hicho: huharibu sahani na hutoa cheche, na nyasi za Januari hazihitaji cheche mbili. Kuwe na mapipa mawili ya maji na ndoo.

Rangi ya kupuliza ni ghali na huisha katikati ya siku. Chokaa iliyokorogwa na maji hadi iwe nzito kama uji, na brashi ya kupaka ukuta, inatosha sahani zote za siku nzima.

Kuhusu ukubwa, tunatumia miliradi, kipimo cha pembe: miliradi moja ni sentimita 10 kwenye mita 100 na sentimita 5 kwenye mita 50. Mtu aliyelala hupaswa kupiga sahani ya miliradi moja mara nyingi. Aliyeegemea ngazi inayotikisika mpe miliradi mbili. Sahani ya nusu miliradi iwe moja tu katika mashindano yote, ya kuwatenganisha walio juu.

Kuchora kituo

Chukua karatasi moja kwa kila kituo na uandike mambo sita: mlengaji anaanzia wapi, bunduki iko katika hali gani, risasi ngapi, muda gani, mfuatano wa sahani, na kinachohesabiwa kuwa kosa. Kama maelezo hayatoshi kusomwa kwa sauti ndani ya dakika moja, kituo ni kigumu mno. Hapo ndipo "mimi nilielewa hivi" huzaliwa.

Mfano wa kituo kamili, tuuite Lori la Miwa. Weka pipa la lita 200 lililojaa mchanga nusu, mita 2 kushoto kwake ngazi ya mbao, na mita 2 tena kushoto gunia tatu za kilo 50 za mchanga zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sahani ni mbili: ya sentimita 10 kwenye mita 50 na ya sentimita 20 kwenye mita 100. Mlengaji anaanza amesimama nyuma ya pipa, boliti wazi, magazini yenye risasi tano mkononi. Mlio wa kuanza ukisikika: risasi mbili kutoka kwenye pipa, moja karibu, moja mbali. Boliti wazi, ahamie ngazi, risasi tatu, moja kutoka kidato cha pili, moja cha tatu na moja cha nne, zote kwenye sahani ya karibu. Abadilishe magazini, boliti ikiwa wazi, ahamie gunia, risasi tano kwenye ya mbali. Sekunde 120, kila sahani inayolia pointi 1, jumla 10.

Kwa nini tano tano? Kwa sababu raifali nyingi za .22 zilizoko zina magazini ya risasi tano. Kituo kinachodai risasi nane mfululizo kinawapa ushindi wenye magazini ya kumi kabla hawajafyatua. Na kwa nini pipa lina mchanga? Kwa sababu pipa tupu husogea. Mlengaji wa kwanza hulikuta wima, wa ishirini hulikuta limeinama, na wawili hao hawakushindana katika kituo kimoja. Ngazi nayo ifungwe kwa vigingi vya nondo, na nyayo zake zichorwe kwa chokaa chini, ikisogea irudishwe.

Kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Darubini hukaa sentimita 4 hadi 6 juu ya mtutu. Mtu akiwa nyuma ya ngazi huona sahani safi kabisa katikati ya darubini, kumbe mtutu unatazama mbao. Anafyatua, vipande vya mbao vinaruka usoni. Kwa hiyo kila kingo inayoweza kuwa mbele ya mtutu iwe mbao laini ya kutupwa, kamwe isiwe bomba la chuma wala jiwe, na msimamizi akae mahali anapoona mtutu na kingo kwa pamoja.

Kabla ya kukubali kituo, kijaribuni siku moja kabla. Mpeni mtu mfupi kuliko wote, mpeni anayetumia mkono wa kushoto, na mpeni asiye mzoefu. Wa kushoto hugundua mara moja kwamba dirisha la kufyatulia mlilokata kwenye ubao linamlazimu atokeze mwili mzima. Na kwenye kituo cha kulala, angalieni siafu asubuhi ile ile. Hakuna mlengaji anayevumilia siafu hadi sekunde ya 90, na mtu anayeruka ghafla akiwa na bunduki iliyopakiwa si kichekesho.

Hesabu ya dakika

Mlengaji mmoja kwenye kituo cha sekunde 120 hula dakika nne: moja ya kujiandaa, mbili za kufyatua, moja ya kutoa risasi, kuandika alama na kuondoka. Watu 24 kwa vituo 6, mmoja mmoja, ni dakika 576, yaani karibu saa kumi. Haiwezekani.

Weka vituo vitatu kwenye mstari mmoja, vyote vikielekea tuta moja, vifyatue kwa wakati mmoja. Gawa watu makundi matatu ya wanane. Kundi linamaliza kituo kwa dakika 32, ongeza dakika 8 za kupaka chokaa na kuhama, unapata 40. Vituo sita ni dakika 240. Katikati toa nusu saa ya kubadilisha vituo vitatu vya kwanza kuwa vitatu vya pili. Ukianza saa mbili na nusu asubuhi, unamaliza saa saba mchana, kabla ya mvua ya Kakamega na kabla upepo wa ziwa haujapamba moto Kisumu.

Siri ya hesabu hii ni kwamba hakuna mtu anayekwenda mbele hadi makundi yote matatu yamemaliza. Mtu mmoja akivuka mstari kurekebisha sahani moja, vituo vyote vitatu vinasimama. Kwa hiyo kila kituo kiwe na sahani ya akiba iliyoning'inizwa tayari kando; ya kwanza ikianguka, msimamizi anatangaza ya akiba na kazi inaendelea.

Upepo una haki yake hapa pia. Upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde husogeza risasi ya .22 karibu sentimita 10 kwenye mita 100. Sahani ya sentimita 20 inaishia sentimita 10 kutoka katikati, yaani aliyelenga katikati bila kufikiria upepo ameigusa kingo au ameikosa. Vituo vya mbali vyote viwe katika nusu ya kwanza ya siku, makundi yote yavipige upepo ukiwa bado mdogo. Ukiviweka mwishoni, kundi la mwisho litafyatulia hali ambayo la kwanza halikuiona, na lalamiko lao litakuwa la haki.

Watumishi: mkurugenzi mmoja, msimamizi mkuu wa usalama mmoja asiye na kazi nyingine, wawili kwa kila kituo (mmoja macho kwenye bunduki, mmoja macho kwenye sahani na saa), walinzi wawili, mhudumu wa huduma ya kwanza mmoja, na mmoja wa meza ya alama. Jumla ni kumi na wawili. Wakitaka kushindana, wapige vituo vyote siku ya majaribio na alama zao ziandikwe pale. Msimamizi anayepiga katikati ya zamu yake hasimamii chochote.

Amri, na hatari iliyomo katika Kiswahili chetu

Amri ziwe fupi, zilezile kwa kila kituo: "Pakia, jiandae." "Uko tayari?" "Ngoja mlio." Baada ya muda: "Toa risasi, onyesha." Msimamizi akishaona kwa macho yake chemba, yaani tundu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa: "Chemba tupu." Mlengaji anaingiza bendera ya chemba, kijiti cha kuonyesha kuwa ni tupu, ndipo anainua bunduki. Vituo vyote vikiisha, msimamizi mkuu pekee ndiye hutamka "Mstari ni salama," na bendera nyekundu inashushwa.

Maneno mawili yapigwe marufuku. La kwanza ni "pakua". Kati ya pakia na pakua kuna irabu moja, na mtu aliyeziba masikio haisikii. La pili ni "simama". Kwa msimamizi linamaanisha acha, lakini kwa aliyelala chini linamaanisha inuka, naye atainuka, bunduki ikiwa na risasi chembani. Amri ya dharura iwe neno moja, "Acha!", na yeyote uwanjani, hata mpishi, ana haki ya kulipiga kelele. Likisikika kila kidole kinatoka, kila boliti inafunguliwa, hakuna anayesogea.

Anaondolewa mashindanoni, bila mjadala na bila kuangalia cheo chake, anayefanya lolote kati ya haya: kufyatua bila kukusudia, kuangusha bunduki, kupitisha mtutu nje ya pembe iliyowekwa, kuhama boliti ikiwa imefungwa, au kugusa bunduki watu wakiwa mbele. Pembe iwekwe alama kwa nguzo mbili zilizopakwa rangi kila kituo, ili isiwe maoni ya mtu.

Miwani na vizibo vya masikio ni kwa kila aliyeko uwanjani, watazamaji na mpishi wakiwemo. Mhudumu wa huduma ya kwanza awe na mikanda miwili ya kubana damu, bandeji za kujaza jeraha, na gari lililoegeshwa likitazama lango, ufunguo ndani. Dereva ajue njia ya hospitali mapema: ya Nakuru watu bado huiita PGH, Kisumu ukisema Russia kila mtu anaelekea Jaramogi.

Na mikono inawe kwa sabuni kabla ya nyama choma. Lugha yetu ilishatuonya kwa kuiita risasi jina moja na madini yake. Vumbi la madini hayo vidoleni huingia mwilini pamoja na ugali.

Alama

Kuna njia mbili. Ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, hugawa pointi kwa sekunde: karatasi ina sehemu A, C na D, A ni pointi 5, kukosa ni kutolewa 10, na jumla inagawanywa kwa muda. Mwenye pointi 45 kwa sekunde 18 anapata 2.5. Ni njia nzuri kwa wenye uzoefu, lakini inahitaji watu kwenda mbele kusoma karatasi kila mara, nasi tumekwisha kuona foleni inavyozaliwa.

Kwa mashindano ya kwanza matano, tumia sahani inayolia ndani ya muda uliowekwa. Kituo kimoja kati ya sita kiandikwe muda pia, kiwe cha kuvunja sare. Itangazwe asubuhi ni kipi.

Mgogoro wa kawaida ni "imelia" na "haijalia". Kwenye mita 100 upepo ukivuma, mlio wa .22 haufiki. Mtazamaji wa sahani awe na darubini ya mkono na aangalie mtikisiko, si sauti. Akisita, anamuuliza wa pili hapo hapo. Wakitofautiana, pointi ni ya mlengaji. Mlengaji atie sahihi kadi kabla hajaondoka kituoni, kadi ipigwe picha kwa simu, ndipo ipelekwe mezani. Matokeo yabandikwe ubaoni nusu saa kabla ya zawadi. Baada ya nusu hiyo, malalamiko yamefungwa.

Ada ikusanywe kwa M-Pesa na usajili ufungwe Jumatano kwa mashindano ya Jumamosi. Anayejitokeza asubuhi na pesa mkononi huvuruga makundi ya wanane, na makundi yakivurugika dakika 40 zako zimekufa.

Baada ya siku

Uboreshaji huanza kwa kadi zilezile. Kwa kila sahani hesabu ilipigwa mara ngapi na ikalia mara ngapi. Watu 24 wakipiga risasi mbili kila mmoja ni 48. Ikilia mara 46 sahani hiyo haikumtenganisha yeyote, ipunguze au isogeze mbali. Ikilia mara 5, tazama ni nani: kama ni watatu wa juu pekee, iache iwe ile moja ngumu. Kama zimetawanyika ovyo, haikupima ustadi, ilipima bahati, na mara nyingi utakuta imejificha kwenye kivuli au nguzo yake inatikisika. Sisi hulenga mlengaji wa katikati apate sita kati ya kumi. Akipata tatu hatarudi; akipata tisa atachoka.

Hesabu ya pili ni ya dakika. Aliye mezani aandike saa kila kundi lilipoanza na kumaliza. Kituo kilichokula dakika 45 badala ya 32 kina ugonjwa, na dawa yake huwa ndogo: anayefuata hakuwa amejaza magazini, maelezo yalisomwa upya kwa kila mtu, au meza ya kuandalia ilikuwa mbali. Weka mkeka wa kujiandalia nyuma ya kila kituo, boliti wazi na bila risasi bundukini, mtu wa pili akae pale wa kwanza anapofyatua. Mkeka huo peke yake hurudisha karibu dakika moja kwa kila mlengaji.

Hesabu ya tatu haipo kwenye kadi. Kabla watumishi hawajatawanyika, kila mmoja ataje jambo moja lililokaribia kuwa ajali: mtutu uliogusa nguzo ya pembe, mbuzi aliyeonekana nyuma, mtu aliyeshika bunduki mstari ukiwa salama. Yaandikwe bila majina. Yakijirudia kwenye kituo kilekile, kosa ni la mchoro, si la walengaji; geuza mwelekeo wa kuhama.

Badilisheni mambo mawili au matatu kwa shindano linalofuata, si yote. Vituo viwili virudiwe vilevile, kwa vipimo vilevile, ili mlengaji alinganishe alama zake za Machi na za Juni. Sahani zigeuzwe upande, vipande vya mpira vikaguliwe, tuta lipimwe kwa kamba, na mbegu za nyasi zinunuliwe kabla ya mvua.